Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lubumbashi: hizi taa za zamani za barabara msiziuze kwa kilo

Kwa Bwana Meya wa mji, kwa maburgumestre wa komini zetu zote, na kwa kila mukubwa mwenye kutia sinyatiri kwenye karatasi ya kungoa lampadere,

Jambo yenu wote, na heshima kwenu.

Mimi sina cheo, sina chama, niko mukaaji wa komini ya Kamalondo tu, mtoto wa elektrisiye, ni kusema fundi wa umeme. Nimekaa siku nyingi nikijiuliza niandike ao ninyamaze, lakini ile nilionaka mwezi uliopita imenikatalia usingizi, kwa hiyo naandika, na mnisamehe kama maneno yatakuwa mengi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, natoka soko, napita kwenye avenyi moja ya katikati ya mji, moja ya zile zenye majakaranda pande mbili, nikakuta timu moja inangoa poto, zile nguzo za taa za zamani, kwa sababu wanaweka lampadere mpya za sola. Jina la ile kampuni sitataja, sina ugomvi nao, na wale vijana walikuwa wanafanya tu ile waliambiwa. Kusema kweli kwanza nilifurahi, nani hapa L'shi, Lubumbashi yetu, hafurahi akiona taa mpya, sisi watu wa delestaje, wa kukatiwa umeme kila mara, tunajua giza ni kitu gani. Lakini nikasimama kuangalia. Kijana mmoja juu ya ngazi anakata waya, anasukuma kichwa cha taa, kinaanguka kwenye lami paa! kioo kinapasuka, mwenzake anakikokota anakitupa kwenye kamiyo, lori lao. Kimoja, viwili, vitano, kumi. Nikauliza hizi zinaenda wapi. Akanijibu kwa upole: « Papa, hii ni mitraye, chuma chakavu, banaenda kuipima kilo. »

Nikamuomba aniuzie moja yenye haijavunjika. Tukasikilizana, akanishushia pole pole, nikaibeba kwenye pusupusu mpaka nyumbani.

Sasa niwaeleze ni kitu gani nilibeba, juu naona wengi wenu hamujawahi kuishika, mnaionaka tu kwa mbali huko juu. Ni kichwa cha aliminyumu nzito, kimemiminwa kwenye fomu, kina umbo kama samaki mnene. Chini kuna bakuli la kioo, kioo kabisa, si plastiki. Ukifungua unakuta vumbi nyekundu ya miaka na miaka, na mu yangu kulikuwa na kiota cha ndege kimekauka. Ndani kabisa duyi ya posoleni nyeupe, pale ampuli, balbu yenyewe, inaingia, kubwa, safi kama sahani ya wageni. Pembeni balasti, kile kifaa cha kupunguza umeme wa ampuli, ile waya ya shaba imezungushwa kwenye vipande vya chuma, nzito kama tofali. Plaketi ndogo imepigiliwa misumari minne: volti 220, wati 250, Belgique. Na ubavuni, kwa mkono, kwa brashi, rangi nyeusi: namba 47.

Ile namba nilipoiona nilikaa chini. Papa yangu alikuwaka fundi wa taa za barabara, na ile timu yao ndiyo ilikuwa inaandika namba kwenye kila taa, ili raia akija kusema taa fulani imekufa wanafungua kaye, daftari lao, wanajua poto iko wapi, ampuli iliwekwa lini, nani alipanda. Kaye yenyewe haiko tena. Zimebaki namba tu kwenye hizi taa, na hizi taa ndizo zinatupwa kwenye kamiyo.

Mji wetu ulianza 1910 ukiitwa Elisabethville, jina la Lubumbashi likaja 1966. Umeme nao ulikuja kwa ajili ya shaba, si kwa ajili yetu sisi raia: mitambo ya maji ya Mwadingusha kwenye mto Lufira toka 1930, Nseke kwenye Lualaba toka 1956, yale maji yalizungusha mashine ili mine na viwanda vya Union Minière, ile kampuni ya shaba ya wakoloni, vitembee, na taa za barabara zilikuwa zinakula kwenye ile sahani moja. Kwa hiyo mtu akiniambia lampadere ya zamani ni chuma bovu, mimi namwambia ile ni ukurasa wa historia ya Katanga. Tunaheshimu shimini, ule mnara wa moshi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, na ule mlima wa taka zake, tunaziweka mpaka kwenye picha za harusi, na lampadere ilikuwa inaangaza watu waliokuwa wanatoka kazi kule usiku.

Watoto wa leo wanafikiri taa ya barabara ni taa ya barabara, zote sawa. Hapana, ziko na vizazi vyake kama watu. Kulikuwa ile ya merikiri, ni kusema zebaki, mwangaza mweupe wa kuelekea bluu na kijani, inachukua dakika kadhaa mpaka kuwaka vizuri, na umeme ukikatika kidogo tu haiwaki tena mara moja, inangoja kwanza ipoe. Halafu ikaja ya sodyumu, ile ya rangi ya chungwa. Sisi watoto majina hayo hatukuyajua, tulijua kitu kimoja: mvua za kwanza zikinyesha, inswa, wale kumbikumbi, walikuwa wanajaa chini ya ile nyeupe kuliko chini ya ile ya chungwa, tunakimbia na mabasini, tunaokota, mama anakaanga, nyumba nzima inanuka muzuri. Baadaye papa akanielezea kwamba merikiri inatoa na mwangaza mwingine wenye jicho la mtu halioni lakini wadudu wanauona. Hizi LED za sasa, zile taa mpya, karibu hazina kabisa ule mwangaza. Ule usiku wa inswa, watoto wa Kenya na wa Katuba, komini zetu, wamezunguka poto na mabasini, unaondoka pamoja na ile taa. Na wanafunzi waliosoma Exetat, ule mtihani wa serikali, chini ya poto, na mama aliyeuza mikate na karanga pale pale mpaka saa nne ya usiku, wote walikuwa na taa yao, wanaikumbuka rangi yake.

Sasa nije kwenye neno la bei, juu najua ndiyo lugha inasikilizwa haraka kwenye biro.

Hii kazi ya kungoa haifanyiki L'shi peke yake, inafanyika dunia nzima. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza sokoni ampuli za merikiri za barabara 2015. Marekani walisimamisha balasti zake mpya toka 2008. Mji wa Los Angeles ulianza 2009 kubadilisha taa zaidi ya 140,000 kwenda LED. Philips, wenyewe waliotoa taa ya sodyumu ya presha ndogo kwa barabara huko Uholanzi 1932, ile ya njano tupu yenye kufanya gari jekundu lionekane kama la udongo, nao wameacha kuitengeneza. Maana yake kila mji unangoa wakati mmoja na kila mji unayeyusha wakati mmoja. Kitu kilichokuwa kila kona, kilichokuwa hakiangaliwi na mtu, kinafika siku kinakuwa cha kutafuta na tochi. Na mara nyingi kile cha kawaida kabisa ndicho kinapotea chote, juu kile cha pekee mtu alikiweka, kile cha kawaida nani ataweka?

Huko nje wakusanyaji wa hivi vitu wako tayari. Marekani kuna watu wanatafuta kichwa cha zamani cha General Electric aina ya M-400, ao OV-25 ya Westinghouse, wanakisafisha, wanatafuta ampuli yake ya kweli, wanakiwasha kwenye garaji yao na kuita jirani. Uingereza wako, wanajua kila modeli na mwaka wake. Kuna na wauzaji wa vitu vya zamani Ulaya wananunua taa za barabara na za viwanda, wanapangusa, wanauza kwa watu wa marestora na nyumba za kisasa kuning'iniza juu ya meza.

Msanii mmoja wa Marekani, Chris Burden, alikuta nguzo mbili za taa za zamani kwenye soko la vitu vikuukuu la Rose Bowl kule California mwaka 2000, akanunua, akaendelea kutafuta zingine, nguzo za chuma za miaka ya 1920 na 1930 zenye miji ilikuwa imeziondoa. Mwaka 2008 akasimamisha 202 mbele ya makumbusho ya sanaa ya Los Angeles, zimepangwa kama msitu, zinawaka usiku. Leo watu wanapanda ndege na wanafika pale kupiga picha. Zile nguzo zilikuwa mitraye! Mtu mmoja tu alizitazama kwa jicho lingine. Na Berlin wao hawakungoja msanii, 1978 walifungua makumbusho ya wazi ndani ya ile bustani yao ya Tiergarten, taa za gesi karibu 90 kutoka miji mbalimbali ya Ujerumani na ya Ulaya, kila moja na kibao chake kinasema imetoka wapi, mtu alikuwa anapita kwa miguu jioni anasoma.

Mtaniambia huko ni kwao. Basi turudi kwetu, juu sisi hili somo tulishalipata mara mbili na tulilipa karo.

Mara ya kwanza ni croisette, msalaba wa shaba. Wazee wetu walikuwa wanaufanya wao wenyewe kwenye matanuru ya udongo, ulikuwa feza, ulikuwa mahari, mtu alizikwa nao. Ilipokuja feza ya karatasi, misalaba ikawa shaba tu ya kuyeyusha. Leo mtoto wa Katanga anayetaka kuona croisette ya kweli ya zamani anaiona nyuma ya kioo, na nyingi ziko Ulaya, mikononi mwa wakusanyaji wanaojua bei yake kuliko sisi.

Mara ya pili ni picha. Miaka ya 1970 hapa hapa Lubumbashi Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anachora historia ya inchi, anazungusha picha nyumba kwa nyumba, watu wananunua kwa feza kidogo kutundika saluni. Picha ikichakaa walitupa. Mwalimu mmoja mgeni wa chuo kikuu, Johannes Fabian, akamuomba achore historia yote, zikatoka picha 101, na zile picha leo ziko Amsterdam kwenye makumbusho ya Wereldmuseum, yenye zamani iliitwa Tropenmuseum. Mimi simulaumu yule mwalimu, bila yeye pengine zingekufa zote. Nauliza tu: sisi tulikuwa wapi? Zilikuwa kwenye saluni zetu, juu ya viti vyetu.

Na taa nazo ziko juu ya vichwa vyetu sasa hivi.

Niwaeleze na kinachofanya taa ya zamani ipate bei kesho, juu ndiyo hapo mtaona namna ile kamiyo inatupotezea. Mkusanyaji hanunui aliminyumu. Anatafuta kwanza taa iwe kamili, kioo chake, duyi yake, balasti yake, mkono wake wa kushika poto, na zaidi ya yote plaketi, juu plaketi ndiyo kitambulisho, inasema nani alitengeneza na kwa umeme gani. Wabelgiji walikuwa na viwanda vikubwa vya hizi kazi, Schréder kule Liège wanatengeneza toka 1907, kulikuwa na ACEC ya Charleroi, na kichwa chenye jina la mtengenezaji na kichwa kisichokuwa na jina si bei moja kabisa. Halafu anatafuta hadisi yake: hii ilikuwa avenyi gani, poto ya ngapi, ilingolewa tarehe gani. Taa kutoka mahali fulani Afrika ni chuma. Taa namba 47 ya Lubumbashi, yenye picha yake ikiwa bado juu ya poto na jakaranda imechanua nyuma, hiyo ni kitu kingine. Na wale vijana wa kamiyo kwa dakika mbili wanavunja kioo, wanang'oa plaketi ikidondoka barabarani, wanachanganya za avenyi tatu kwenye rundo moja. Ile thamani yote inakufa pale chini kwenye lami, mbele ya mizani inabaki kilo tu.

Sitawadanganya kwamba taa moja itajenga shule. Leo nyingi zinauzwa bei ndogo tu hata Ulaya, na itachukua miaka, pengine ishirini, pengine zaidi, mpaka zile za kawaida zipande. Lakini kuweka kitu miaka ishirini kwenye depo kavu ni kazi gani? Haili, haichoki, aliminyumu haishiki kutu kama chuma. Na ile feza ya mitraye mnayopata leo inaishia kwenye mafuta ya kamiyo iliyozibeba.

Kuna mtu atasema, wewe papa, watu hawana umeme, watu wanatafuta bukari ya leo, unatuletea habari ya taa zilizokufa. Ndugu yangu, mimi pia nanunua mishumaa. Siombi mtu asimamishe kazi ya taa mpya hata siku moja, wekeni, ongezeni, fikeni mpaka Ruashi na Katuba ndani ndani kule mama anarudi na biashara yake kichwani saa mbili usiku na hofu. Ninachoomba kinaanza pale ambapo kazi yenu ya kungoa imekwisha, pale ile taa imefika chini.

Na kuna woga mwingine ulionifanya nichelewe kuandika, huu niliufikiri sana. Kama tunatangaza kwamba taa za zamani ziko na bei, si wezi watapanda kungoa na zile zenye bado zinawaka? Tunajua waya za shaba zinavyokatwa usiku. Ndiyo maana naomba kitu cha kwanza kiwe karatasi, si depo. Mtume watu wawili na simu na kaye, wapite avenyi kwa avenyi, wapige picha kila taa ya zamani, waandike mahali, namba ya ubavuni kama iko, aina yake. Vijana wa shule za ufundi wanaweza kuifanya kama sitaje, mazoezi yao ya kazi, wiki chache inakwisha. Taa yenye kuandikwa ikionekana kwa mwenye mitraye inajulikana imetoka wapi, mwizi atauza kwa nani?

Halafu, kwenye kila kontrati ya kungoa, muongeze mstari mmoja: kichwa kinashushwa na kamba, hakitupwi. Basi. Kamba haiko gali.

Kisha mchague. Kila aina, mbaki na kama sita kamili, zenye hali nzuri, na poto yake moja ao mbili, msiuze hata aje mzungu na valizi. Hizo ni za mji. Zingine zenye kubaki, zile nyingi za kufanana, hizo uzeni, lakini uzeni kama taa, moja moja, na karatasi yake yenye sinyatiri na kashe ya mji inasema ni namba fulani ya avenyi fulani, kwa mnada wa wazi wenye kila raia anaweza kuja, na feza ikanunue ampuli za taa mpya. Kuna watu wa L'shi wenyewe watanunua. Mimi najua wazee wa Kamalondo wangeweka taa ya avenyi yao kwenye paseli, kiwanja cha nyumba yao, kabla ya kununua kiti kipya. Wana wetu walioko Ubelgiji na Afrika Kusini nao, mnafikiri hawangependa?

Jambo moja la usalama, na hapa naongea kama mtoto wa fundi. Ampuli za merikiri ziko na sumu ndani, zikivunjwa ovyo ile merikiri inaenda kwenye pumzi ya wale vijana na kwenye udongo wa watoto. Na zile kondansateri za zamani, vile vikopo vya kuweka umeme vyenye viko karibu na balasti, za kabla ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, sumu mbaya, mtu asiifungue na bisibisi wala asiichome kutafuta shaba. Vitoeni hivyo vitu viwili kwanza, viwekwe pembeni kwa watu wanaojua kazi. Hii hata kama hamukubali neno lingine lote la hii barua, hii mukubali.

Mahali pa kuziweka tuko napo. Makumbusho ya kitaifa iko hapa mjini. Tuko na Biennale, ile tamasha ya sanaa, toka 2008 inaleta wasanii wa dunia nzima hapa kwetu, mpeni msanii mmoja wa L'shi poto thelathini na uwanja, muone atafanya nini. Ao anzeni padogo kabisa, taa kumi tu kwenye kona ya bustani moja ya mji, zimesimama kwa mstari wa umri wake, ya ampuli ya kawaida, ya merikiri, ya sodyumu, mwisho LED, na kibao kwa Kiswahili na Kifaransa. Jumamosi moja kwa mwezi ziwashwe zote, hata na grupu ndogo, jenereta, watoto waone kwa macho yao ile rangi ya chungwa tunayowaambia.

Avenyi niliyopita ile Jumanne imekwisha, pale hakuna tena kitu. Lakini kuna zingine hazijafikiwa, nilizunguka na miguu wiki mbili nikaziandika kwenye kaye, upande wa mji na upande wa komini, taa za zamani 112 zenye niliona kwa macho, na kati yake 31 bado kioo ni kizima. Hiyo kaye nitawapa bila kulipwa, mnitume mtu tu, wazee wa Kamalondo watamuonyesha nyumba ya mtoto wa elektrisiye.

Na ile namba 47 iko chini ya muembe wangu, imefunikwa na gunia juu mvua zinakaribia. Siku mtafungua depo, hata kama ni chumba kimoja na kufuli, nitaileta mimi mwenyewe na pusupusu.

Mukaaji wa Kamalondo, mtoto wa fundi wa taa